Chuo kupanga kwa timu ya kulipwa au kujenga uwanja wake? Tulinganishe Pitt, Temple, Minnesota, Tulane na wengine

Panthera_wa_Tudor

Wadau wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, salaam. Kila msimu ukikaribia mjadala huu hufufuka hapa Pittsburgh, na mara nyingi huishia kwenye kurushiana maneno. Safari hii naomba tuupime kwa mifano. Chuo kifanye nyumbani kwake kwenye uwanja wa timu ya kulipwa, au kijenge wake kampasini hata kama ni mdogo?

Kwa asiyejua: Pitt, yaani Chuo Kikuu cha Pittsburgh, walikuwa na uwanja wao tangu 1925, Pitt Stadium, juu ya kilima mtaani Oakland, hapa hapa jijini, katikati ya wanafunzi. Mechi ya mwisho ilichezwa Novemba 1999, wakawapiga Notre Dame 37-27, kisha ukabomolewa na pale pale ukasimama ukumbi wa mpira wa kikapu. Mwaka 2000 walihifadhiwa kwenye uwanja wa Three Rivers. Tangu 2001 wako na Steelers, timu ya kulipwa ya jiji, ng'ambo ya mto, North Shore, kwenye uwanja ulioitwa Heinz Field na ambao tangu 2022 unaitwa Acrisure.

Mazuri yapo, sibishi. Kijana wa sekondari anayegombewa na vyuo akiletwa kutembezwa, anakanyaga nyasi zile zile za Steelers. Treni kutoka katikati ya jiji kuvuka mto ni bure. Na siku ya mechi kubwa, usiseme: Septemba 2022 West Virginia walipokuja waliingia watu 70,622, idadi ambayo jiji hili halijawahi kuiona kwenye mchezo wowote, na Pitt wakashinda 38-31.

Kinachoniuma mimi ni viti. Ni vya manjano, manjano ya kuumiza macho, na viko elfu 68 na ushei. Leta watu 45,000, ambao popote duniani ni umati, watandaze humo: kamera ya televisheni itaonyesha manjano matupu, na jioni mitandaoni tunaitwa timu isiyo na wenyewe. Chuo kingine chenye uwanja wa 45,000 kikileta watu hao hao kinasifiwa kwamba kwake hapaingiliki.

Kwa hiyo msimamo wangu niuweke wazi mapema: kushirikiana na Steelers hakunisumbui hata kidogo. Jirani zangu wengi wana kitaulo cha Steelers na fulana ya Pitt kwenye kabati moja. Ukubwa ndio unaotumaliza. Leteni ya miji yenu.

Kariakoo_Kusini

Mkuu, sisi wa Dar tunashindwa hata kuona shida iko wapi 😀 Simba na Yanga, watani wa jadi, wote wamechezea Benjamin Mkapa, na uwanja ni wa serikali. Watu 60,000 wakijaa wamejaa, nani anauliza hati ya nyumba?

Panthera_wa_Tudor

Wakijaa, ndiyo. Je, ikija timu ya mkiani siku ya Jumatano?

Kariakoo_Kusini

Hiyo ipeleke Chamazi au KMC Complex, watu elfu chache tu na kelele zinafika barabarani.

Panthera_wa_Tudor

Basi tunasema jambo moja, ndugu yangu.

Baridi_ya_MSP

Mimi niko Minneapolis, na kama kuna chuo kilichoonja yote mawili ni hiki cha kwetu. Gophers, timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota, walikuwa na Memorial Stadium ya matofali tangu 1924. Mwaka 1982 wakahamia Metrodome katikati ya jiji, pamoja na Vikings wa futiboli ya kulipwa na timu ya besiboli ya Twins. Kwa karatasi mpango ulikuwa safi kabisa: paa, joto, maegesho. Hapa Novemba baridi inakata masikio, nani akatae paa?

Lakini waulizeni wazee wanaokaa nami kwenye mechi. Hawasemi Metrodome ilikuwa mbaya kwa kukosa starehe. Wanasema Jumamosi ya chuo iliondoka. Ukitoka bwenini unapanda basi, unaingia ukumbi wenye mwanga wa taa mchana kweupe, pembeni kuna ule ukuta wa plastiki wa besiboli, picha za ukutani si za mashujaa wako. Bendi inapiga ndani ya puto, maana paa lenyewe lilishikiliwa na hewa. Mechi ikiisha unatoka kwenye jiji ambalo halijui kama mmecheza.

Mwaka 2009 walirudi kampasini, uwanja wa wazi wa viti 50,805. Watu wanatetemeka na blanketi, na hakuna anayeomba paa lirudi. Halafu angalia dunia inavyozunguka: Metrodome ilipovunjwa, Vikings walikosa pa kukaa wakaja KUPANGA kwa chuo misimu miwili, 2014 na 2015. Ile mechi ya mtoano ya Januari 2016 dhidi ya Seattle, nyuzi 21 chini ya sifuri, Blair Walsh akakosa teke la yadi 27 na Vikings wakalala 10-9, ilichezwa kwenye uwanja wa wanafunzi.

Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haistiri matako. Siku ile Vikings waliijua.

NOLA_bin_Said

Baridi ameniwahi, kwa sababu hilo la nani ni mpangaji wa nani ndilo nililotaka kulileta. Watu wanazungumza kana kwamba vyuo vimekuwa vikibebwa na timu za kulipwa tangu Adamu. Kinyume chake. Saints, timu ya kulipwa ya New Orleans, walipozaliwa 1967 walicheza Tulane Stadium, mali ya chuo, mpaka 1974. Super Bowl tatu, fainali za ligi ya kulipwa, zimechezwa pale. Eagles wa Philadelphia walikaa Franklin Field ya chuo kikuu cha Pennsylvania kuanzia 1958 hadi 1970. Na wewe Panthera, Steelers wako hao hao walikuwa wakichezea Pitt Stadium mpaka 1969! Vyuo ndivyo vilivyokuwa na majumba. Kisha miaka ya 60 na 70 miji mingi ikajenga viwanja kwa fedha za umma, wa kulipwa wakapata kwao, na vyuo vyenye viwanja vilivyochakaa vikafuata nyuma na mizigo kichwani.

Tulane waliwafuata Saints kwenye Superdome ilipofunguliwa 1975. Karibu miaka 40 mle ndani. Uwanja wa watu elfu 70 na zaidi, chuo chenyewe kidogo, na miaka mingi timu dhaifu. Ukipiga makofi unajisikia mwenyewe. Mwaka 2014 wakafungua Yulman, kampasini, watu 30,000, umebanwa kati ya nyumba za watu. Desemba 2022 wakatwaa ubingwa wa ligi yao pale pale mbele ya watu wao, na mwezi uliofuata wakawapiga USC 46-45 kwenye Cotton Bowl. Sisemi uwanja ndio uliocheza. Nasema ile picha ya wanafunzi kumiminika uwanjani baada ya ubingwa, Superdome isingeitoa.

mzee_wa_nyasi

Nyote mnaongea viti, mimi nitaongea chini. Uwanja wa Pittsburgh una nyasi za asili, na mwisho wa Novemba zinabeba fainali za sekondari, Pitt na Steelers ndani ya siku chache. Mwaka 2007 Ijumaa zilichezwa fainali za sekondari, Jumamosi Pitt, halafu wakaona wafunike uharibifu kwa kutandaza nyasi mpya juu ya zile za zamani kabla ya Jumatatu. Mvua ikanyesha. Steelers na Dolphins wa Miami wakacheza ndani ya tope, mpira uliopigwa juu ukatua na kuchomeka chini ukasimama wima, na mechi ikaisha 3-0 kwa teke la sekunde za mwisho. Tangu hapo, kila nyasi zikichoka, lawama hutafuta mdogo wa nyumba.

Las Vegas wamelitatua kwa pesa. Kwenye uwanja wa Allegiant, uliofunguliwa 2020, Raiders wa kulipwa wana nyasi zao za asili kwenye trei kubwa inayoviringishwa nje kuota jua. UNLV, chuo cha huko, wakicheza, trei inabaki nje na wao wanachezea nyasi bandia. Chini ya paa moja, kila mtu na mkeka wake. Na kwa wanaosema kupanga maana yake kwenda mbali: Allegiant uko karibu na chuo kuliko uwanja wa Sam Boyd walikokuwa wakicheza zamani.

MamaTarumbeta

Habari zenu wanangu. Binti yangu alipiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo cha Temple hapa Philadelphia, kwa hiyo nimekaa uwanja wa Lincoln Financial kwenye mechi za Eagles zilizojaa na mechi za Temple ambazo ningeweza kulala viti vitatu.

Nimesoma hadi hapa na wote mnaongea kama kujenga kampasini ni suala la chuo kutaka tu. Temple walitaka. Walitangaza mpango wa uwanja wa watu 35,000 hapa North Philadelphia. Mmewahi kutembea mitaa ile? Ni nyumba zilizoshikana, familia za watu weusi zilizokaa hapo vizazi na vizazi, na tayari wanafunzi wamepandisha kodi. Majirani wakasimama: kelele, maegesho, kusukumwa nje. Waliandamana, wakaenda kwenye mikutano, na uwanja haukujengwa. Mimi ni shabiki, na nilikuwa upande wa majirani. Jumamosi sita kwa mwaka za furaha yangu, na mtu ahame?

Halafu kwetu umbali si hoja kubwa. Njia ya treni ya Broad Street inawachukua watoto kituo cha Cecil B. Moore na kuwashusha mlangoni pa uwanja, na ndani ya behewa ndiko sherehe inakoanzia. Oktoba 31, 2015, Notre Dame walipokuja, Temple hawajafungwa hata mechi moja, watu zaidi ya 69,000. Walipoteza 24-20 na bado ni usiku bora niliowahi kuuona kwenye mchezo. Kwenye uwanja wa 35,000 nusu yetu tungeangalia kwenye televisheni.

Panthera_wa_Tudor

Mama, shikamoo. Hilo la majirani sikuliona likitajwa kwenye mijadala ya huku, na Oakland napo hakuna kiwanja kilicholala wazi. Ila usiku kama ule unakuja mara ngapi? Chuo kinalipa kodi kwa ajili ya siku moja katika miaka mingapi?

MamaTarumbeta

Marahaba mwanangu. Watu hujenga sebule kubwa kwa ajili ya harusi ya binti. Niache na yangu.

Bukavu_Tampa

Huku USF, Chuo Kikuu cha South Florida mjini Tampa, tumeamua. Tangu 1998 tuko uwanja wa Raymond James na Buccaneers wa kulipwa. Chuo ni kijani na dhahabu, uwanja ni mwekundu, na upande mmoja kuna meli kubwa ya maharamia yenye mizinga. Mwaka 2007 timu ilipopanda mpaka nafasi ya pili nchini, tuliujaza, watu 67,000 dhidi ya West Virginia. Baadaye timu ikashuka na meli ikabaki inatutazama.

Sasa uwanja wa kampasini unajengwa, 35,000, dola zaidi ya milioni 340, umepangwa kufunguliwa 2027. Nina furaha, na nina hofu pia. Deni ni la chuo. Kwa Buccaneers taa ikiungua ni shida ya mwingine. Kwako, ni yako.

NOLA_bin_Said

Na chuo cha Miami je? Wao ndio wanaolia kuliko wote kuhusu kuhamia uwanja wa Dolphins 2008, lakini Orange Bowl, uwanja wao wa zamani, nayo haikuwa kampasini, na Dolphins wenyewe waliwahi kuchezea humo. Walishinda mechi 58 mfululizo za nyumbani kwenye uwanja wa jiji. Siku ya kuuaga, 2007, Virginia wakawatandika 48-0, aibu tupu, na bado watu wanaulilia.

Baridi_ya_MSP

Kwa sababu pale jina lililovuma lilikuwa lao. Hard Rock, huko kwa Dolphins, hata wakishinda, kama walivyowapiga Notre Dame 41-8 mwaka 2017, ni wageni wa Dolphins walioshinda.

Panthera_wa_Tudor

Nimesoma yote, asanteni. Minnesota na Tulane wananivutia, ila Mama amenifungia mlango wa kudai tujenge Oakland. Kwa hali ilivyo ningeomba kitu kidogo: mechi za kawaida wafunge jukwaa lote la juu, watu wote washuke chini, wanafunzi wasogezwe karibu na bendi. Elfu 45 wakikaa pamoja, utatuheshimu.

mzee_wa_nyasi

Na West Virginia wakija?

Panthera_wa_Tudor

Siku hiyo tunafungua mpaka darini.