Ziwa lilichafuka, mnunuzi akadhani lina sumu: nilikosea wapi katika Kiingereza changu?

Karani wa Ilemela

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni karani katika kampuni inayosindika samaki hapa Ilemela, na miongoni mwa kazi zangu ni kuandika barua pepe za Kiingereza kwa mnunuzi wetu wa minofu ya sangara aliyeko Ulaya. Mwezi uliopita upepo ulivuma siku tatu mfululizo, wavuvi hawakuingia ziwani, na mzigo ukachelewa. Nilitaka kumweleza mnunuzi kwamba ziwa lilichafuka kwa siku tatu, kwa hiyo mzigo utakuwa tayari mpaka Ijumaa. Nikaandika hivi: "The lake was dirty for three days, so the cargo will be ready until Friday." Niliisoma mara mbili, nikaona haina kosa la tahajia wala la nyakati za vitenzi, nikaituma.

Majibu yalinishtua. Mnunuzi aliuliza ni uchafu gani ulioingia ziwani na kama samaki wamepimwa, kisha akauliza kwa nini mzigo usipatikane tena baada ya Ijumaa. Bosi wangu alilazimika kumpigia simu ili kumtuliza. Sasa, neno "dirty" nililitoa kwenye kamusi, na "until" nimefundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba ni "mpaka". Naomba wenye ujuzi wanieleze kosa liko wapi hasa, maana kila neno nililotumia, likisimama peke yake, lina maana ile ile niliyoikusudia.

Mwalimu wa Nyakato

Ndugu Karani, nianze na "mpaka", kwa sababu kosa hilo nalisahihisha kila muhula na bado halijaisha. "Mpaka" ya Kiswahili, pamoja na ndugu yake "hadi", hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili. Kazi ya kwanza ni ya jambo linaloendelea bila kukatika hadi kufikia wakati fulani, kama tunaposema "ofisi itafungwa mpaka Jumatatu". Hapo Kiingereza hutumia "until". Kazi ya pili ni ya jambo linalotakiwa kuwa limekwisha kutimia wakati huo unapofika, kama tunaposema "mlipe mpaka Ijumaa". Hapo Kiingereza hutumia "by". Ukimwandikia mtu "ready until Friday", unamwambia kwamba mzigo uko tayari sasa hivi na utaendelea kuwa tayari, lakini Ijumaa ikipita utakuwa umeondoka. Mnunuzi wako alisoma kwa usahihi kabisa yale uliyoyaandika.

Kiswahili chenyewe kinatupatia kipimo. Mahali penye "mpaka" weka "ifikapo". Sentensi ikibaki na maana yako, kama "mzigo utakuwa tayari ifikapo Ijumaa", basi tumia "by". Maana ikiharibika, kama "ofisi itafungwa ifikapo Jumatatu", ambapo sasa inaonekana ofisi ndiyo kwanza inafungwa siku hiyo, basi tumia "until".

Jambo la ajabu ni kwamba ungeweza kubaki na "until" yako kama ungekanusha kitenzi: "The cargo will not be ready until Friday." Sentensi hiyo ni sahihi, kwa kuwa kinachoendelea hadi Ijumaa ni ile hali ya kutokuwa tayari. Wanafunzi wangu huona kama ni mchezo wa kuwachanganya, lakini wakiulizwa ni kitu gani kinachoendelea, huelewa.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu ameeleza vizuri habari ya "mpaka". Mimi nitasema juu ya ziwa, kwa sababu nimeendesha boti ya mizigo kati ya Mwanza na Nansio kwa miaka mingi. Sisi husema ziwa limechafuka tunapomaanisha mawimbi na upepo, na hakuna mtu wa mwambao huu anayefikiria takataka akilisikia neno hilo. Mwingereza naye ana neno lake kwa hali hiyo, nalo ni "rough": "The lake was rough." Mawimbi yakiwa madogo lakini ya haraka haraka, yanayokufanya ushike ukingo wa chombo, husema "choppy". Ziwa likitulia husema "calm". Upepo mkali kwake ni "strong wind" na mvua kubwa ni "heavy rain". Ukiandika "big rain" atakuelewa, ila atajua kwamba umetafsiri.

Usishangae kwamba mnunuzi aliogopa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu kwamba walikuwapo watu waliovua kwa kutumia sumu. Wasindikaji wa minofu waliumia sana wakati ule, na anayenunua sangara akiwa Ulaya hawezi kusoma "dirty" karibu na jina la ziwa letu akaendelea kunywa chai yake.

Kwa kuwa nimegusa samaki, niseme na hili. Nimeona kwenye makaratasi pale Mwaloni, Kirumba, mtu ameandika dagaa wetu kuwa ni "sardines". Dagaa wa Ziwa Tanganyika kweli ni wa jamii hiyo, lakini dagaa wa Ziwa Victoria si wa jamii hiyo hata kidogo, ingawa sisi tunawaita wote kwa jina moja. Afadhali kuandika "dagaa" na kuongeza jina la kisayansi, ambalo ni Rastrineobola argentea, kwa sababu hata majirani hawana jina moja: Mkenya humwita omena na Mganda humwita mukene.

Mfasiri wa Pasiansi

Nakubaliana na Nahodha kwa yote. Kwa Mwalimu nina neno dogo la kupinga, kwa heshima. Kipimo cha "ifikapo" kinafaa kwa "mpaka", lakini kinamwacha Karani akiendelea kutunga sentensi kwa Kiswahili na kuivusha neno kwa neno, na kesho atakwama kwenye neno jingine. Shida kubwa ninayoiona katika rasimu ninazoletewa iko kwenye vitenzi. Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi na kupata maana mpya, ilhali Kiingereza mara nyingi hutafuta kitenzi kingine kabisa. Kumbuka ni "remember" lakini kumbusha ni "remind". Kopa ni "borrow" lakini kopesha ni "lend". Anguka ni "fall" lakini angusha ni "drop". Mtu anayesikia mzizi mmoja masikioni mwake huandika "Please remember us about the payment", na mlipaji hubaki akijiuliza kama ameandikiwa wasia. Kuazima ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima, na huwezi kujua upande hadi usikie sentensi nzima.

Kwa hiyo mimi humwambia mtu aweke kamusi ya maneno pembeni kwa muda na asome barua ambazo wanunuzi wenyewe wamemwandikia. Humo ataona neno lipi hutembea na lipi. Ataona, kwa mfano, kwamba "discuss" na "request" zikiwa vitenzi hazifuatwi na "about" wala "for", ingawa "request" ikiwa nomino huitaka "for" hiyo hiyo: "We request more time", lakini "our request for more time".

Mwalimu wa Nyakato

Mfasiri, sikupingi, ila asiyekuwa na barua nyingi za kusoma ataanzia wapi? Kipimo kidogo ni bora kuliko kukisia. Hata hivyo habari ya mkia wa kitenzi nitaipeleka darasani.

Karani wa Ilemela

Mwalimu na Nahodha, shikamooni, na asanteni nyote. Nimeandika upya hivi: "We are very sorry that the lake was rough for three days and the boats could not go out. The cargo will be ready by 10 o'clock on Friday." Nimekusudia saa kumi jioni. "Sorry" imetoka kwa bosi, ambaye anataka tuanze kwa kumpa mnunuzi pole.

Mfasiri wa Pasiansi

Ndugu Karani, umeshinda kwenye ziwa ukajikwaa kwenye saa. Saa kumi jioni kwa Kiingereza ni "4 p.m.", ulichoandika atakisoma kuwa ni saa nne asubuhi, na gari lake litafika wakati minofu bado iko mezani inakatwa. Andika "by 4 p.m. East Africa Time on Friday", na uweke tarehe.

Ama kuhusu pole ya bosi, neno "sorry" limebeba pole na samahani kwa pamoja, na katika barua ya biashara msomaji huelekea kusikia samahani. Zaidi ya hayo, hapa aliyechelewa kupata mzigo ni yeye, na aliyechafuka ni ziwa. Hamwezi kumwomba radhi kwa ajili ya upepo. "We apologise for the delay" ni kukubali kwamba ucheleweshaji ni wenu. "We regret the delay" ni kusikitika bila kujitwika lawama. Mwulize bosi wako ni ipi kati ya hizo anayoitaka, kwa sababu bei ikija kubishaniwa, mnunuzi ataitoa barua hiyo.

Karani wa Ilemela

Nimemwuliza. Amesema tuandike "regret".