Mada: Kiapo cha uraia Januari 26, tukubali au tuombe tarehe nyingine?

Mwanzisha mada:
Wadau mlioko Australia, kila Januari wenzetu wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, huitwa kula kiapo cha uraia tarehe 26, Siku ya Australia, sikukuu ya taifa. Msimamo wangu ni kwamba tuombe siku nyingine.

Januari 26, 1788, Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni, alipandisha bendera ya Uingereza Sydney Cove, kwenye ardhi ya Wagadigal, Waaborijini (wenyeji wa asili) wa pale, bila mkataba wowote nao. Ikachukuliwa kwamba nchi haina mwenyewe, mpaka kesi ya Mabo, ya wenyeji waliodai ardhi yao mahakamani, ilipoitupa hoja hiyo mwaka 1992. Tarehe hiyohiyo mwaka 1838, askari wapanda farasi wa koloni waliwaua Wakamilaroi, Waaborijini wengine, pale Waterloo Creek. Mwaka 1938, Sydney ikisherehekea miaka 150, Waaborijini walikutana Australian Hall wakaitangaza kuwa siku ya maombolezo. Anayesema malalamiko haya yamezuka juzi mitandaoni hajasoma. Na tusidanganyane kuhusu mila: majimbo yote yalianza kupumzika tarehe hiyo kamili mwaka 1994.

Mimi niliapa siku hiyo. Mzee wa Kiaborijini alisimama akatukaribisha rasmi kwenye ardhi ya mababu zake, akatutakia heri, akaketi. Kisha tukala kiapo, kila mmoja akapewa cheti na mche wa mti wa kienyeji, makofi yakapigwa. Nilimtazama yule mzee. Hakupiga makofi.

Mama Furaha:
Kaka, nakuheshimu, ila uraia wa Australia wenyewe ulianza Januari 26, 1949. Kwetu tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu bila nchi ya kutuita wake, siku hiyo si ya mkoloni, ni ya watoto wetu. Halafu mwaka 2023 wananchi waliulizwa kama wenyeji wapewe chombo cha kulishauri bunge na serikali. Asilimia 60 wakakataa. Mgeni ataingiliaje ugomvi wa wenye nyumba? Kenya Oktoba 20 ilikuwa Siku ya Kenyatta, Katiba ya 2010 ikaifanya ya Mashujaa. Tarehe haikuguswa.

Mwanzisha mada:
Dada, furaha yako ya kupata uraia siigusi, nami ninayo. Ila mfano wa Kenya unanisaidia mimi. Oktoba 20, 1952 mkoloni alitangaza hali ya hatari na usiku ule akawakamata kina Kenyatta. Walioumizwa ndio walioifanya siku yao. Januari 26 ni kama Kenya ingesherehekea siku Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895. Nani angekubali?

Na aliyekwisha kuapa si mgeni tena, ana kura na ana sauti. Tangu Desemba 2022 halmashauri zinaruhusiwa kufanya sherehe hizi hata siku tatu kabla au baada. Hakuna anayenyimwa cheti. Jumuiya zetu ziandike barua kwa halmashauri zao kabla ratiba ya mwakani haijapangwa. Walioko Brisbane na Melbourne, halmashauri zenu zimeamuaje?