Gumzo la ukoo: baharia na kuku

Dotto: Shikamooni wakubwa. [picha] Mtumbwi mpya huo, nimeukuta Mwaloni asubuhi. Wamemchora Popeye ubavuni, yule baharia wa katuni, kiko mdomoni, nanga mkononi.

Shangazi Tatu: Marahaba. Kumbe huyo mzee bado yupo! Sisi tulimtazamia kwa jirani, mtaa mzima TV moja.

Kulwa: Shati jeupe. Huyo ni wa kuanzia 1941, alipovalishwa sare za jeshi la majini. Wa zamani alivaa jeusi.

Mama Neema: Nitamwonyesha Neema. Mchicha hagusi, anaokota dagaa tu kwenye sahani. Nimwambie nguvu za Popeye ni mchicha, amekula tangu utoto.

Kulwa: Utamdanganya mtoto 😂 Kwanza ile ni spinachi. Halafu mwanzoni nguvu hazikutoka kwenye majani. Alisugua kichwa cha kuku.

Shangazi Tatu: Kuku???

Kulwa: Kuku wa bahati, jina lake Bernice. Ilikuwa katuni ya gazetini huko Marekani, 1929. Popeye kapigwa risasi tele, kasugua kichwa cha kuku mpaka kapona. Spinachi ikaja baadaye, na filamu za katuni za studio ya Fleischer kuanzia 1933 ndizo zikaivumisha.

Baba Mdogo: Na yule mwembamba, mkewe?

Kulwa: Olive? Huyo ndiye mwenyeji, Baba Mdogo. Yumo tangu 1919, miaka kumi kabla ya Popeye, na mchumba wake alikuwa Ham Gravy. Popeye kaja kama kibarua tu. Kaka yake Olive alitafuta baharia wa safari moja ya kisiwani. Mchoraji, Segar, akamtoa safari ilipoisha, wasomaji wakamdai arudi. Mwishowe Ham Gravy akaondoka yeye.

Baba Mdogo: Hiyo naijua bila gazeti. Mimi nilichukua kibarua wa kuvuta nyavu wiki moja. Leo namwita shemeji.

Shangazi Tatu: Kaka! Mume wangu yumo humu humu kwenye grupu!

Dotto: 😂😂 Shangazi, Ham Gravy wako alikuwa nani?

Shangazi Tatu: Dotto, koma.

Baba Mdogo: Alikuwa na baiskeli ya Phoenix. Naishia hapo.

Mama Neema: Jamani nimemsomea Neema. Mchicha kausukuma pembeni, katoka mbio uani.

Bibi: Nani kamtuma huyu mtoto kumsugua tetea wangu kichwa? Anaatamia!