Kajikuna mgongo na mdeki wa bunduki ya marehemu babu yangu. Wakuu, HAPANA

Mrithi wa Gumegume:

Sina salamu leo. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado miguuni, chai nimeikataa, mke ananitazama kama mtu aliyerogwa. Nimetoka pale, kwenye leseni za silaha. Mnapajua. Na yeye mnamjua, yule wa dirisha la mwisho, mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Simtaji, dhambi zake zinamtaja.

Jamaa kachukua mdeki wa bunduki ya babu yangu AKAJIKUNA MGONGO.

Narudia kwa walio kwenye daladala wanasoma kwa jicho moja. Kajikuna. Mgongo. Na mdeki.

Vijana wa bastola za kiunoni msioujua mdeki: ni ule ufito wa kushindilia baruti mtutuni. Na hii si gobore la fataki la kuchongewa mtaani. Ni gumegume, ya kuwashwa na cheche za jiwe, ubavuni kwenye mtambo ina taji na neno TOWER, chapa ya Mwingereza. Hizi ndizo zilizokuwa zikipanda na misafara kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, Tabora, pembe za ndovu zikishuka. Babu aliachiwa na baba yake, baba yake aliipata kwa watu wa mtemi Mirambo.

Miezi saba naifukuzia hii karatasi ya kuimiliki. Barua ya balozi wa nyumba kumi ninayo. Ya mtendaji ninayo. Muhtasari wa kikao cha kamati ya ulinzi, ambacho akidi ilitimia baada ya mimi kununua soda kreti mbili, ninao. Mirathi ninayo. Alama za vidole nimechukuliwa mpaka vidole vimebaki laini kama vya mtoto mchanga.

Leo nimeifunga kwenye mkeka, barua mkononi, nimefika saa mbili asubuhi. Saa saba na nusu ndiyo ananiita. Anauliza mmiliki yuko wapi. Nikamwambia alifariki 1987. Akasema, "Basi aje mwenyewe asaini kuachia." Hapo nikameza. Akauliza namba ya silaha. Nikamwambia hizi hazikupigwa namba. Akasema fomu yake ina kisanduku cha namba na yeye hajawahi kuacha kisanduku wazi tangu aajiriwe. Nikameza tena. Akauliza inakula risasi ngapi. Nikameza mate yote yaliyokuwa mdomoni.

Halafu akachomoa mdeki. Nikadhani anataka kuukagua. Nikafurahi hata, nikasema moyoni leo nimepata mtu anayejua kitu. Akauingiza kwenye kola, kwa nyuma, taratibu, akafumba macho. Akasema "aaah." Wakuu, ile "aaah" nitakufa nayo.

Shotigani yangu ya kisasa, yenye kitabu na ada inalipwa kila mwaka, aliipokea siku ile kwa mikono miwili kama sahani ya pilau. Ya dukani inaheshimiwa, ya babu inakuna upele!

Stakabadhi aliyoniandikia hii hapa, neno kwa neno: "Bomba la chuma 1, kuukuu, na fimbo yake." FIMBO. Baada ya kujikunia.

Nawasilisha.

Mzaramo Asiyelala:

Mtani wangu Mnyamwezi, pole. Ila bunduki imekaa ukutani miaka yote hiyo bila kazi, leo imepata kibarua cha kwanza unaichongea. Iache ifanye kazi.

Chongo wa Mbagala:

Bila picha uzi batili.

Mrithi wa Gumegume:

Picha ya nini, ya mgongo wake?

Kumbukumbu Kavu:

Mirambo kafariki 1884. Nchi hii kila gobore ni la Mirambo, kila jino ni la Mkwawa, na kila shimo lina dhahabu aliyoificha Mjerumani. Mkuu, babu yako huenda aliinunua mnadani.

Mrithi wa Gumegume:

Hata ingenunuliwa gengeni pamoja na nyanya! Swali hapa ni mgongo! Mbona hamuuoni mgongo?

Nyuki Mkali:

Namjua huyo. Mimi nilipeleka Mauser ya 1871 ya ukoo, ile wanayoiita ya Mjerumani. Alitaka nilete "risasi ya mfano". Ile ni milimita 11, ya moja moja, na baruti yake ya moshi. Askari wa Mjerumani waliibeba mpaka vita vya 1914, na ukifyatua moja tu linatoka wingu, adui wa bonde zima anajua umelala kichaka gani. Risasi ya mfano naipata wapi mwaka huu, nimfukue Lettow, jemadari wao, nimuombe? Nimezunguka miaka miwili. Uzi wako ni mdogo sana kaka, ungekuja kwangu ungelia.

Mrithi wa Gumegume:

Lakini Mauser yako alijikunia?

Nyuki Mkali:

Hapana. Aliegemezea mlango usijifunge.

Mzaramo Asiyelala:

😂😂 Sasa hapo ni droo.

Mzee wa Pori:

Vijana, mnacheka tu. Nimefanya kazi ya wanyamapori, nimekusanya magobore mengi. Mwenye uzi, kabla hujaifunga kwenye mkeka ulihakikisha haijashindiliwa?

Mrithi wa Gumegume:

Shikamoo mzee. Imekaa ukutani tangu nazaliwa.

Mzee wa Pori:

Marahaba. Hizo hizo za ukutani ndizo zinazoondoka na watu. Mtu alishindilia akiwinda kanga, akakosa, akaitundika ikiwa imeshiba, akafa. Baruti kavu haina habari na msiba. Unateremsha mdeki taratibu mpaka chini, mtutu hauelekei kwa mtu, halafu unaupima kwa nje. Ukigota kabla ya kufika kwenye mtambo, humo ndani mna kitu. Usichokore, mpelekee mjuzi.

Mrithi wa Gumegume:

Mzee wangu, mdeki si alikuwa anajikunia yeye?

Chongo wa Mbagala:

Kwa hiyo ofisi nzima imeshinda na bomba lililoshiba, na kipimo kiko kwenye kola. 😂😂😂

Mbeba Mabox Ohio:

Poleni ndugu zangu. Huku Marekani bunduki iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma, sheria ya shirikisho ya 1968 haiihesabu kabisa kuwa silaha. Unainunua kama saa ya ukutani. Majimbo mengine yana mambo yake, ila kwa ujumla

Mzaramo Asiyelala:

Ohio tulikuwa tunakusubiri. Mchango wa harusi ya mdogo wako umetuma?

Mbeba Mabox Ohio:

Tusichanganye mada.

Jirani wa Nakuru:

Nyinyi mnalilia fimbo. Sisi Kenya Desemba 2018 leseni zote za raia zilifutwa kwa mpigo mmoja, tukapewa siku 90 twende kupigwa msasa upya. Nilipanga foleni na wazee wenye mabastola ya tangu enzi za mkoloni, kila mmoja anaulizwa anayo ya nini. Mzee mmoja akajibu "ni ya kutulia." Hakuna aliyejikuna lakini, hapo nawapa hongera.

Kumbukumbu Kavu:

Mwenye uzi, kama hoja yako ni ukale, acha dirisha la silaha, nenda na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinahesabiwa malikale. Thibitisha yako imetangulia hapo.

Mrithi wa Gumegume:

Nithibitishe kwa nini? Ina taji tu, haina mwaka. Na nikithibitisha wakaiita malikale si wataichukua wao? Mimi naitaka ukutani kwangu, na mdeki wake, UKIWA UMEOSHWA.

Nyuki Mkali:

Uoshe kwa majivu na ndimu.

Mzee wa Pori:

Usitie ndimu kwenye chuma.

Bi Mkubwa Bagamoyo:

Samahani wanangu, hiyo sheria ya 1964 ndiyo ile inayolinda milango ya kuchonga ya kabla ya 1940? Maana mie ninao wa marehemu bibi, maua na minyororo pembeni, na jirani ameung'oa ubao mmoja ametengenezea banda la kuku. Nimekwenda kulalamika naambiwa nilete picha ya bibi akiwa mlangoni.

Kumbukumbu Kavu:

Ndiyo hiyo, mama. Mlango na hata fremu yake.

Chongo wa Mbagala:

Shikamoo mama. Jirani gani huyo, yule mwenye bucha?

Bi Mkubwa Bagamoyo:

Marahaba. Simtaji, lakini mnamjua.

Mzaramo Asiyelala:

Namjua! Alinikopa jenereta nikiwa na msiba, akairudisha haina waya.

Jirani wa Nakuru:

Mlango kama huo Lamu ungelindwa kwa mbwa. Mama, usiuze kwa mtalii.

Mrithi wa Gumegume:

Jamani. Mgongo.

Nyuki Mkali:

Mama, hao kuku ni wa kienyeji au wa kisasa?

Bi Mkubwa Bagamoyo:

Wa kisasa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.