Jengo jipya la uhandisi chuoni: nani akae mezani kabla ramani haijaiva?

Mwalimu_wa_Udongo

Wakuu salama? Naomba mawazo hasa kwa wale mnaoshinda saiti za majengo ya taasisi. Chuo chetu kimepata hela ya jengo jipya la uhandisi, ghorofa nne, ndani kuna maabara ya zege, ya udongo, ya haidroliki, ya umeme, karakana ya mitambo, halafu juu madarasa na ofisi. Mimi nimetupiwa kwenye kamati ya watumiaji kuwakilisha idara, sio msanifu wala nini, nafundisha udongo tu.

Sasa mshauri elekezi kashaleta zile picha za rangi, vioo kila mahali na wanafunzi wanatabasamu, zinavutia kwelikweli, ila ukiuliza mashine ya kuvunjia kyubu (vile vipande vya zege vya kupimia uimara) inakaa wapi unaambiwa "tutaona mbele ya safari". Na sisi wenyewe hatuelewani: mitambo wanataka chini, civil (uhandisi ujenzi) tunataka chini, umeme hawataki kuwa jirani na karakana sababu ya vumbi, mkuu wa kitivo anataka ofisi yenye balkoni, na watu wa miliki wanauliza tu nani atasafisha hivyo vioo. Kikao cha juzi kimeisha usiku hatujakubaliana hata mlango mkuu utazame wapi.

Maswali yangu: mnaanza na ramani au na orodha ya mashine? Mkandarasi anaweza kuingia mapema atusaidie kupanga? Na nani hasa anafunga mjadala, maana hapa kila mtu ni daktari au profesa 😅

Nondo16

Mkuu hizo picha fungieni kabatini kwanza. Anzeni na mashine. Kila chumba kiwe na karatasi yake moja: mashine gani inaingia, uzito, vipimo, umeme wa fezi moja au tatu, maji, inatikisika kiasi gani, inatoa joto au vumbi, inapita mlango gani. Bila hiyo karatasi mimi mtu wa straktcha (ninayepiga hesabu za uimara wa jengo) nakisia tu, ofisi nitaiwekea uzito wa kilonyutoni 2.5 kwa mita ya mraba, yaani kama kilo 250, darasa 3, kisha mwaka wa pili unaniletea mtambo nisioujua unataka uupandishe ghorofa ya pili.

Ila msiogope vitu visivyostahili kuogopwa. Mtu akisikia mashine ya kyubu ina kilonyutoni 2000 anadhani slabu itabeba tani 200, hapana, nguvu ile inaishia humohumo kwenye fremu ya mashine, sakafu inabeba uzito wa mashine basi. Balaa lipo kwenye sakafu ya kupimia bimu nzima, ile yenye matundu ya kufungia fremu na jeki kwa bolti. Pale nguvu inashuka sakafuni kweli, zege lake unene unaweza kufika hata mita, na ukishamaliza jengo huwezi kurudi kuiongeza. Kama mnaitaka semeni leo.

Jambo lingine ni nguzo. Ofisi zinaridhika na nguzo kila mita 6 au 7, karakana yenye kreni inataka mita 12 au zaidi bila nguzo katikati. Mkilazimisha ofisi zikae juu ya karakana, nguzo za juu zinaangukia hewani na hapo mtaanza kuona mabimu ya kutisha na bei ya kutisha. Ningekuwa mimi hayo mazito yote ningeyapanga kwenye banda moja refu lisilo na ghorofa, ofisi na madarasa yasimame pembeni kwenye fremu yao na msingi wao, kati kuwe na joint, yaani mwanya wa kuyatenganisha, mtikisiko wa mashine usimfuate mwalimu ofisini. Ugomvi wenu wa nani akae chini unaisha hapohapo, wote mko chini.

mtu_wa_chini_ya_mti

Balkoni ya mkuu ipite bila kupingwa, mradi utaenda haraka 🤣

DadaMaabara

Mwalimu samahani, kwenye hiyo kamati fundi sanifu wa maabara yupo? Nauliza kwa sababu sisi huwa tunaitwa siku ya kukabidhiwa funguo. Wewe unaingia maabara saa mbili za praktiko, mimi nipo pale mwaka mzima.

Nikupe mfano wa sinki. Mahali nilipowahi kufanya kazi maabara ya udongo na zege waliwekewa sinki kama za jikoni, bomba moja kwa moja mpaka kwenye mfumo wa maji taka. Saruji na mchanga vinaoshwa kila siku, haikuchukua muda ikaziba mpaka choo cha chini kikaanza kurudisha maji. Kilichokosekana ni shimo la kunasa mchanga kabla maji hayajaingia kwenye bomba kubwa, kitu cha bei ndogo kabisa, lakini kwenye ramani hakikuchorwa kwa sababu aliyechora hajawahi kuosha moldi, zile fremu za kumwagia zege la kyubu.

Kyubu moja ya milimita 150 ina kilo 8 hivi. Zinavunjwa za siku 7 na za siku 28, kwa hiyo muda wote tenki la maji zinamosubiria limejaa. Pima hatua kutoka anaposhushia gari mpaka kwenye tenki, na kutoka kwenye tenki mpaka kwenye mashine, halafu jiulize vifusi vya zilizovunjwa vinatokea wapi, maana vikipitia korido ya mbele mkuu wa kitivo ndo atakuwa wa kwanza kulalamika. Oveni za udongo zinakaa nyuzi 105 usiku kucha, usizifungie chumba kimoja na mizani. Na chekecheo la umeme la kuchekecha udongo lipewe chumba chake, kelele na vumbi lile sio la kukaa na binadamu.

Ramani_na_Kivuli

DadaMaabara umemaliza. Niongezee mfano wa nje maana wengi wanadhani ukisikiliza mashine jengo litakuwa baya. Jengo la uhandisi la Chuo Kikuu cha Leicester kule Uingereza, lilikamilika 1963, wasanifu James Stirling na James Gowan, mtu wa straktcha Frank Newby. Maabara ya haidroliki ilihitaji maji yashuke kwa presha ya kimo cha mita 30 hivi, wakaweka tenki juu kabisa ya mnara, na ndo mnara ukapata urefu wake. Karakana zikalazwa chini pembeni, na kwa kuwa kiwanja hakikutazama kaskazini sawasawa, paa lote la vioo likageuzwa nyuzi 45 ili mwanga wa kaskazini uingie bila jua kupiga mashine. Leo wanafunzi wa usanifu dunia nzima wanalisoma.

Upande wa pili ni kwamba lile paa lilivuja, kiangazi ndani joto, baridi ikija wanatetemeka, miaka ya 2010 ikabidi paa la karakana libadilishwe. Kwa hiyo yule mtu wa miliki anayeuliza habari za vioo asikilizwe. Kwetu huku jua la Juni linakaa kaskazini na la Desemba kusini, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini wenye vipenu, mashariki na magharibi punguzeni madirisha, mambo ya kuiga paa la Leicester tuwaachie wenyewe.

QS_Mbagala

Kuhusu mkandarasi kuingia mapema, inategemea mkataba. Hela ya umma kwa njia ya kawaida usanifu unakamilika, BOQ (orodha ya kazi na vipimo vyake) inatengenezwa, tenda inapandishwa NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mkandarasi anapatikana mwishoni, sasa huwezi kumkalisha kwenye vikao vya ramani leo kisha kesho ashindane na wenzake. Kuna sanifu na jenga, mkandarasi huyohuyo anachora na kujenga, hapo anaingia mapema, lakini kwa jengo lenye maabara siipendi, mahitaji yenu yasipoandikwa vizuri atawapa cha bei rahisi kinachotimiza maandishi. Mnachoweza ni kumdai mshauri elekezi mpango kazi wenye hatua za ujenzi, kwamba mitambo mikubwa inaingia kabla ukuta gani haujafungwa. Na tenda ya vifaa isianze jengo likiisha, vingine vinaagizwa vinakaa miezi njiani.

Kama ni hela ya mkopo, kwa mfano ule mradi wa elimu ya juu wa HEET wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, kuna tarehe ya kufunga, haikusubiri umalize kubishana. Wekeni siku ya kufunga mabadiliko. Baada ya siku hiyo kila anayetaka kuhamisha ukuta aje na gharama yake kwa maandishi, asaini. Na mjadala aufunge meneja wa mradi mmoja mwenye barua ya makamu mkuu wa chuo, sio kamati.

Mwalimu_wa_Udongo

Asanteni sana. Dada, kweli hayupo, barua ya kumuongeza nimeshaiandika. Nondo16, kreni ya banda la mazito tuandike tani ngapi?

Nondo16

Tafuta kitu kizito kuliko vyote kwenye zile karatasi, vyuo vingi tani 5 inatosha. Kinachosahaulika ni kimo cha ndoano, andikeni urefu kutoka sakafuni mpaka kwenye ndoano, sio mpaka kwenye paa, na mlango uwe wa kuruhusu lori la Canter liingie kinyumenyume mpaka chini ya hiyo ndoano.