Eti mimi nina mikorosho kumi na miwili!

Wadau wa Kusini, nimetoka ofisini sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana wa dirisha la pili, ambaye hakuna mkulima wa wilaya hii asiyemjua, amenikatalia salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, mbele ya foleni nzima kwa sababu kwenye mfumo nimeandikiwa mikorosho 12. Ninayo 120. Sifuri ilidondoka wakati wa kuandikishwa, na nilipomweleza hivyo akatamka kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Mama, mfumo haudanganyi."

Haudanganyi! Msimu uliopita niliuza kilo 1,100 kupitia chama cha msingi. Kila gunia lilipimwa, likaandikiwa stakabadhi ya ghala, na fedha zikaingia benki kwa jina hilihili. Basi kama ninayo 12, kila mkorosho wangu umezaa zaidi ya kilo 90, na serikali ilipaswa kuja kwangu na malori kuchukua mbegu.

Kinachoniuma ni kwamba data kubwa wanayo tayari. Stakabadhi za korosho zimeandikwa hapa Mtwara tangu mwaka 2007, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ninayo, na laini ya simu nimeisajili kwa alama za vidole. Kumbukumbu za mauzo zikilinganishwa na daftari la pembejeo, kompyuta yenyewe ingeyaibua mashamba yote yenye hesabu isiyoingia akilini: langu, na la yule mwenye mikorosho ya kwenye karatasi anayebeba mifuko ya salfa bila kuuza hata kilo moja. Estonia waliunganisha mifumo ya ofisi zao mwaka 2001, na mwananchi hapaswi kuulizwa tena jambo ambalo serikali inalijua. Mimi fomu ileile nimeijaza mara tatu, kisha naambiwa mfumo haudanganyi, watu wanacheka, na ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, unaanza kuyapaka maua weupe.

Mwana wa Uwanda: Pole sana, mama. Mimi bwana huyohuyo alinihamishia shamba kijiji nisichowahi kukanyaga.

Mkulima Mstaafu: Dada yangu, kwa nini hukumwonyesha stakabadhi? Umeondoka na hasira, salfa umeiacha.

Mleta uzi: Nilimwekea mezani, kaka. Hakuzitazama. Alisema mfumo haudanganyi.

Mkulima Mstaafu: Mikorosho inayozaa kilo 90, nami naomba miche miwili.

Pwani ya Lindi: Ninyi mnalilia sifuri moja. Zahanati yetu huandika wagonjwa wa malaria kila siku, daftari linajaa, taarifa zinapelekwa juu, na kila masika vipimo vinaisha kabla ya mvua kukatika. Miaka yote hiyo ya kumbukumbu, hakuna aliyezisoma akaleta vipimo mapema?

Mwana wa Uwanda: Hata kwetu ni hivyo. Mwaka huu vimeletwa mvua zimeshakwisha.

Pwani ya Lindi: Angalau ninyi vimeletwa.