Domeini ya biashara yetu imeandikwa jina la fundi, zimebaki siku 47 muda wake uishe. Nianzie wapi?

MamaSare:
Wakuu, habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi, mwenye uzoefu anielekeze.

Mimi na dada yangu tunashona sare za shule. Miaka sita iliyopita kijana mmoja tuliyemwamini alitutengenezea tovuti, na domeini, yaani anwani ya tovuti, akatusajilia yeye mwenyewe, ya .com. Kila mwaka ananiletea ankara moja yenye kila kitu ndani, nalipa, tunaendelea. Oda zote kubwa zinaingia kwa barua pepe ya domeini hiyo. Hata kwenye lebo za sare tumeidarizi, pale chini kwa uzi mweupe.

Juzi nikaingia lookup.icann.org, ukurasa wa kutafutia taarifa za usajili wa domeini. Taarifa za mwenye jina zimefichwa, nikaona tarehe ya kuisha tu. Nikamwomba kijana anipigie picha ukurasa wa akaunti yake. Kwenye mwenye jina: yeye. Barua pepe: yake. Mstari wa shirika, ambapo nilitegemea kuona kampuni yetu: mtupu.

Si mtu mbaya na hajanidai kitu. Ila siku hizi ameajiriwa kwingine, ujumbe anajibu baada ya wiki. Risiti za miaka yote ninazo. Sasa si sisi tuliolipa? Domeini si yetu?

Nahodha77:
Pole dada. Risiti zitunze, ila msajili, ile kampuni inayosajili domeini, hatazami nani alilipa, anatazama nani ameandikwa. Kwake yeye mteja ni huyo kijana, wewe hakujui. Akifariki, akipoteza simu, akigombana na wewe kwa jambo lingine kabisa, utakuwa unabisha hodi kwenye mlango ambao si wako.

Cha kwanza kabisa, mwombe ahuishe leo hiihii, hata kwa mwaka mmoja. Mambo mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili, hilo haliwezi.

Kisha fungua akaunti ya kampuni kwa msajili yuleyule anayemtumia yeye. Wasajili wengi wana njia ya kuhamisha domeini kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani kwa ndani, na mara nyingi inakamilika siku hiyohiyo. Ikishaingia kwenu, jaza jina la kampuni kwenye mstari wa shirika, lilivyoandikwa kwenye cheti cha usajili wa biashara, herufi kwa herufi.

Usikimbilie kubadili msajili. Mimi nilianza kwa kubadilisha jina la mwenye domeini, kesho yake nikataka kuihamishia kwa msajili mwingine, nikakuta imefungwa siku 60. Kufuli hiyo ipo kwa sababu ya wezi, na kuna wasajili wanaokuruhusu kuikataa mapema, lakini mimi nilibofya kuthibitisha bila kusoma. Miezi miwili nimekaa nasubiri, na wateja nimeshawaambia tunahama.

Na hili nakusihi: akaunti hiyo usiifungulie barua pepe ya domeini hiyohiyo. Siku domeini ikizimika, barua inazimika nayo, na kiungo cha kurejesha neno la siri hakitakufikia. Tumia anwani ya nje, ya kampuni, isiyo ya mfanyakazi mmoja. Wewe na dada yako wote muwe na njia ya kuingia, na uthibitisho wa hatua mbili muuwashe. Msajili akituma barua ya kuthibitisha anwani, ijibuni upesi, maana siku 15 zikipita bila jibu anaweza kuisimamisha domeini.

Kasha_la_Kamba:
Naongezea kuhusu siku 47. Vikumbusho vya kuhuisha, kile cha kama mwezi mmoja kabla na cha wiki moja kabla, vinakwenda kwa barua pepe iliyoandikwa. Yaani kwake. Kwa .com, muda ukiisha msajili anaweza kukupa nafasi isiyozidi siku 45, wengine hutoa chache zaidi. Ikifutwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa gharama kubwa, halafu siku 5 ambazo haikomboleki tena, halafu yeyote anaichukua. Domeini za nchi zina ratiba zake.

Na msiseme haya huwapata wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft walisahau kuhuisha passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, mpaka programa mmoja wa nje akawalipia kwa kadi yake.

MamaSare:
Asanteni sana. Je, akikataa? Nimesikia kuna utaratibu wa kushtaki.

Nahodha77:
Upo, UDRP, utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya domeini, wa tangu 1999, na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama za biashara, ni miongoni mwa wanaosikiliza kesi hizo. Lakini lazima uthibitishe mambo matatu yote: una alama ya biashara inayofanana na jina hilo, yeye hana haki halali nalo, na alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Hilo la tatu ndilo litakukwamisha, kwa sababu kijana wako alisajili kwa kutumwa na wewe, kwa nia njema kabisa. Ugomvi wa namna hiyo huwa wa mkataba, unakwenda mahakamani.

Kwa hiyo sasa hivi mnapoelewana, mwandikishane karatasi. Sentensi mbili zinatosha: domeini hii niliisajili kwa niaba ya kampuni fulani, na naikabidhi kwao. Saini na tarehe.

MamaSare:
Mrejesho. Niliachana na ujumbe, nikampigia simu jana usiku. Alishtuka, akasema alidhani ndivyo inavyofanywa. Amehuisha tukiwa bado kwenye simu, na leo asubuhi imeingia kwenye akaunti yetu. Mstari wa shirika nimeujaza mimi mwenyewe, dada yangu akinisomea cheti. Karatasi anasaini Jumamosi.

Tovuti bado iko kwenye hosti yake, yaani seva inakohifadhiwa. Naweza kubadilisha zile seva za majina, zinazoelekeza domeini iende wapi, leo?

Kasha_la_Kamba:
Leo hapana! Ingia kwanza kwenye DNS ya sasa, yaani orodha ya maelekezo ya domeini, nakili kila rekodi, hasa zile zinazoitwa MX na TXT. MX ndiyo inayoleta barua za oda. Ukihamisha bila hiyo, tovuti itafunguka vizuri na oda zitakuwa zinapotea bila wewe kujua. Zibandike hapa tuzikague pamoja.